Mizunguko Minne ya Skrubu

Namba ilikuwa mia na themanini na nne. Lenzi aliisoma mara tatu, akalaza simu kifudifudi juu ya taulo, akaiinua, akaisoma tena, labda simu ingeona haya ikajirekebisha. Wapi. Kiberiti, wati mia na themanini na nne. Chini yake, Lenzi, wati mia na sabini na moja. Na jasho la hiyo mia na sabini na moja lilikuwa bado linamtiririka shingoni.

Tusifichane, mwanamke huyu alikuwa na wivu. Tena wivu wenyewe ni ule wa kijiba cha roho, unaomfanya mtu amsikie mwenzake akikohoa chumba cha pili akaona kakohoa kwa maringo.

Lenzi silo jina alilopewa na mama yake, ni la klabu ya baiskeli. Kazi yake ni fundi miwani. Kutwa anakaa nyuma ya duka akikata vioo, akivisaga ukingoni, akivipima, na kioo kikizidi au kikipungua kwa unene wa unywele anakitupa na kuanza kingine. Kiberiti naye ni wifi yake, mdogo wa mumewe, mwoka mikate, mfupi, mwembamba, anawaka haraka na kuzima haraka. Anakaa chumba cha uani kwenye nyumba hiyohiyo. Kati ya baiskeli ya huyu na baiskeli ya yule ni ukuta mmoja tu.

Sasa nani aliyemfundisha Kiberiti kupanda baiskeli ya mashindano? Lenzi. Na baiskeli yenyewe anayoipanda ni ya nani? Ya Lenzi, ile ya zamani ya bluu. Miezi saba iliyopita binti wa watu alihamia pale akiwa amenywea, ndoa imemshinda, chakula hali, na Lenzi akamwambia, "Wifi, panda hii uchangamke." Akachangamka. Alichangamka mpaka akampita mwalimu wake, na tangu siku hiyo mwalimu akajuta kwa nini hakuiuza ile baiskeli.

Jambo lilikuwa hivi. Klabu yao ya wanawake ilikuwa inapeleka timu kwenye mbio za wanne wanne. Watatu walishapatikana bila ubishi, nafasi ikabaki moja. Lenzi alikuwa mwanachama kwa miaka mitano. Mwaka uliopita aliwekwa akiba, akashinda juani kando ya barabara akiwashikia wenzake chupa za maji, na picha ya timu ilipopigwa ni yeye aliyeipiga. Alikuwa ametimiza miaka arobaini na mbili, na nyuma yake wasichana wenye mapaja ya chuma walikuwa wanajiunga kila mwezi. Kama si safari hii, basi tena.

Kocha alikuwa amehamishwa kikazi mji mwingine, na barabara yao ya mazoezi ilikuwa imechimbwa yote kuwekwa mabomba. Kwa hiyo mazoezi yalihamia ndani ya nyumba, kwenye mashine, na kocha akawa anachagua watu kwa simu, akituma orodha ya namba kila Jumatano. Mashine zenyewe si za kifahari. Ni fremu ya chuma inayonyanyua gurudumu la nyuma, na rola inayolikandamiza tairi ili upate uzito wa kusukuma. Kipima nguvu haina. Kuna kidude kidogo kwenye ekseli kinachohesabu mwendo wa gurudumu, kinaipasha simu habari, na simu inakadiria: kwa mashine ya aina hii, kwa kasi hii, huyu anatoa wati kadhaa. Inakadiria tu, jamani. Miguu yako simu haiijui, inalijua gurudumu basi.

Ndiyo maana kocha alisisitiza mpaka akawachosha. Wote mashine ya aina moja, wote upepo uleule kwenye tairi, na ile skrubu ya rola, yenye kichwa kikubwa cha plastiki, rola ikishagusa tairi ikazwe mizunguko miwili. Ukiilegeza, gurudumu linateleza lenyewe na simu inakumwagia sifa ambazo hukuzitolea jasho. Ukiikaza kupita kiasi, unasukuma mlima na simu inakuona mvivu. Mume wa Lenzi, fundi friji, mtu wa spana na vipimo, ndiye aliyezifunga mashine zote mbili. "Hizo skrubu msiziguse," aliwaambia. "Nimeshazipima mimi."

Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumamosi. Dakika ishirini, kila mtu kwake, namba itumwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mwenye namba kubwa anachukua fulana ya nne.

Alhamisi, wakila chakula cha jioni, Kiberiti alikuwa anasimulia habari za tanuri la kazini lililogoma, na kaka yake anacheka mpaka anafuta machozi. Lenzi aliwatazama wale wawili, kicheko kimoja, pua moja, na akaona yeye pale mezani ni mpangaji.

Kiberiti alipoondoka kwenda kulala, maana waoka mikate huamka mapema, Lenzi alimgeukia mumewe. "Hivi mashine ya dada'ko umeifunga mizunguko mingapi?"

"Si nilishawaambia." Mume alikuwa anakusanya sahani, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Nimezipima zote."

"Mtu aliyeanza juzi anapataje mia na themanini na nne? Mimi nasema skrubu yake imelegea. Au kailegeza."

"Mke wangu, mwezi uliopita alikuwa anapata mia na tisini na tano. Ameshuka. Na wewe ulikuwa na mia hamsini na nane, umepanda. Mbona hilo hulioni? Shukuru basi."

Kweli alikuwa amepanda, tena ghafla, wati kumi na tatu ndani ya wiki tatu, na alijua sababu ni jasho lake mwenyewe. Lakini neno lililomkwama kooni ni lile "shukuru". Angekuwa ni Kiberiti aliyepanda wati kumi na tatu, nyumba nzima ingepigiwa vigelegele. Ndivyo alivyowaza, na akalala na hilo.

Ijumaa alitoka dukani mapema kwa kisingizio cha kichwa. Kiberiti alikuwa bado kazini, mume naye alikuwa na friji za bucha. Ufunguo wa akiba wa chumba cha uani ulikuwa kwenye msumari jikoni, na Lenzi akajiambia kwamba anakwenda kuchukua ndoo yake. Kweli kulikuwa na ndoo yake mle. Akaikumbuka kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

Chumba kilinuka hamira. Aproni nyeupe ilining'inia mlangoni, na viatu vya kazini vilikuwa na unga kwenye mishono. Baiskeli ya bluu ilikuwa imefungwa kwenye mashine katikati ya chumba, imefutwa ikafutika, mnyororo unang'aa kuliko enzi za Lenzi. Kwenye usukani kulikuwa bado na kipande cha plasta alichokibandika yeye mwenyewe miaka hiyo, ameandika kwa kalamu, "usisimame". Kiberiti hakukibandua. Lenzi akageuza uso, maana hakuja kuangalia plasta.

Akapiga goti nyuma ya gurudumu. Mkono wa kushoto kwenye rola, wa kulia kwenye skrubu. Alitaka kuilegeza akihesabu mpaka rola iachane na tairi, na moyoni alikuwa na hakika hatafika hata mzunguko mmoja. Alikuwa ameshajiandalia na maneno ya kumwambia mumewe, mazuri, ya pole, yanayouma.

Mmoja. Rola haikuachia.

Miwili. Rola bado.

Mitatu. Na nusu. Hapo ndipo tairi likawa huru.

Lenzi alipigwa na butwaa. Akaikaza upya, akailegeza tena, maana yeye kupima ndiyo kazi yake na hakubali kipimo cha mara moja. Mitatu na nusu. Wifi yake hakuwa anaiba. Wifi yake alikuwa anasukuma mlima wiki zote hizo bila kujua, na kwenye mlima huo bado alikuwa anampita kwa wati kumi na tatu. Skrubu ikiwekwa sawa, msichana huyu angevuka mia mbili.

Mtu mwenye roho safi angefanya nini? Angeweka miwili, angefunga mlango, angekwenda zake. Lenzi alilijua hilo barabara. Akaanza kukaza. Mmoja, miwili, na mkono haukusimama. Mitatu. Na nusu. Nimeirudisha nilivyoikuta, akajiambia, sijaongeza wala kupunguza. Lakini mkono ulikuwa bado umeshika kile kichwa cha plastiki, na mtu akishafika mitatu na nusu, minne haipo mbali. Akasukuma hiyo nusu iliyobaki. Ikaingia kwa tabu kidogo, akasimama, akafunga mlango, akasahau ndoo.

Chumbani kwake alikaa kitandani akiitazama mashine yake. Akataka kitu cha kuutuliza moyo. Angalau yangu iko sawa, aliwaza, angalau mimi naendesha kwa haki. Akapiga goti kuhakikisha hiyo haki yake. Mkono kwenye rola, mkono kwenye skrubu. Mmoja.

Rola ikaachia.

Mzunguko mmoja, basi. Zile wati kumi na tatu alizozitolea jasho wiki tatu hazikuwa zake. Zilikuwa za skrubu.

Mumewe alimkuta pale sakafuni. Alisimama mlangoni na sanduku lake la vifaa, akaangalia mkono wa mkewe ulipo, na uso ukamshuka.

"Ni wewe," Lenzi alisema.

"Ni mimi."

"Yangu umelegeza, ya dada'ko umekaza."

Aliweka sanduku chini taratibu. "Nimechoka, mke wangu. Kila Jumatano ikitoka ile orodha nyumba inanuna mpaka Jumamosi. Yule akicheka, unanuna. Mimi nikicheka naye, unanuna mara mbili. Nikasema, ukimpita hata mara moja tu, tutapumua wote."

"Na yeye je? Hukumwonea huruma?"

"Yeye akishindwa anacheka, anakwenda kulala." Alijikuna kisogo. "Wewe ndiye usiyeweza."

Lenzi alikuwa ametamani kwa miezi saba mwanaume huyu ampendelee kuliko dada yake, na kumbe alishampendelea, tena kwa siri, tena kwa dhuluma. Angepaswa kufurahi. Badala yake aliona aibu kama mtoto aliyebebwa mgongoni halafu akaambiwa ameshinda mbio. Na kilichomuuma zaidi, hata kwa kubebwa huko bado alikuwa wa pili.

"Nizirudishe zote kwenye miwili?" mume aliuliza. "Kesho ni mtihani. Sema tu."

Hapo pia angeweza kusema. Kinywa kilikuwa chake.

"Acha kama zilivyo," alijibu, na ile nusu aliyoiongeza yeye hakumwambia.

Jumamosi saa nne asubuhi Kiberiti alianza. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na kupitia ukutani Lenzi aliisikia mashine ikiunguruma, sauti nzito kuliko siku zote, inayokokota. Alijua kwa nini inakokota. Dakika ishirini ni ndefu kwa mtu anayesikiliza. Dakika ya tano angeweza kugonga ukuta. Dakika ya kumi angeweza. Dakika ya kumi na sita alisikia wifi yake akigumia kwa nguvu, mara moja, na akaketi kwenye kitanda akabana viganja katikati ya magoti mpaka mngurumo ukakata.

Simu ikalia. Kiberiti, mia na sabini na sita.

Mia na sabini na sita! Inafikika. Lenzi alipanda baiskeli yake upesi, na skrubu ilikuwa palepale kwenye mzunguko wake mmoja. Akapiga pedali kama hajawahi. Mwanamke huyu tumsute kwa mengine, lakini siku ile kujituma alijituma. Dakika ya kumi na tano macho yalimwingia giza, ya kumi na nane akaonja chuma mdomoni, ya mwisho akasimama juu ya pedali ingawa plasta aliiandika mwenyewe, usisimame. Simu ikapiga kengele. Akaikodolea macho.

Mia na sabini na nne.

Alicheka, kicheko kikavu. Kalegezewa yeye, kakaziwa mwenzake na kaka mtu, kakaziwa tena na yeye mwenyewe, na bado wati mbili. Angewekewa skrubu na malaika, angebaki wa pili. Hakuituma ile namba. Aliegemea usukani akalia, na ndipo mlango ulipofunguliwa na Kiberiti akaingia, taulo mabegani, midomo imemkauka.

"Wifi, umepata ngapi?" Hakungoja jibu, aliliona kwenye simu. Akakaa sakafuni karibu na gurudumu la mbele. "Leo miguu ilinikataa kabisa, sijui nimekula nini. Nilijua utanipita, na nikasema afadhali. Sikiliza, usilie. Nimeshaamua, nitampigia kocha, nimwambie nafasi akupe wewe. Mimi nina mwaka kesho. Na hii baiskeli nani alinipa? Ule mwezi nilioletwa hapa nilikuwa nataka kufa, wifi. Wewe ndiye uliyenipandisha."

Nafasi ile hapo. Fulana, picha, yote. Imewekwa mkononi mwake na mtu asiyejua alichofanyiwa. Alichotakiwa kufanya ni kufuta machozi na kusema asante, na mumewe angenyamaza hadi kaburini. Lenzi aliwaza hivyo kwa muda wa pumzi mbili tatu, wala tusimsingizie kwamba hakuwaza.

Kisha akashuka kwenye baiskeli. "Njoo," alisema.

Walivuka ua hadi chumba cha Kiberiti. Kwenye baiskeli ya bluu jasho lilikuwa bado linadondoka. Lenzi akapiga goti palepale alipopiga jana, akamshika wifi yake mkono, akauweka juu ya rola. "Ikiachana na tairi, niambie." Akaanza kulegeza, akihesabu kwa sauti. Mmoja. Miwili. Alipofika mitatu, Kiberiti alikunja uso. Mitatu na nusu. Minne.

"Imeachia," Kiberiti alisema. "Minne? Kocha si alisema miwili? Nani kaifunga hivi?"

"Mitatu na nusu ni kaka yako, alitaka mimi nikupite ili nipate kutulia. Na yangu aliilegeza." Lenzi hakuinua macho kutoka kwenye skrubu. "Hiyo nusu ya mwisho ni mimi, jana, ulipokuwa kazini."

Kiberiti hakuwaka. Lenzi aliungoja moto huo, aliutaka hata, na haukuja. Wifi yake, macho mekundu ya uchovu, akamtoa mkono kwenye skrubu, akaizungusha mwenyewe mpaka rola ikagusa tairi. Mmoja. Miwili. Akaishia hapo.

"Saa kumi na mbili bado," alisema. "Nakwenda kulala. Saa tisa na nusu uje unisomee namba, kwa sababu mimi nikiwa nasukuma siioni. Na ukimaliza yangu, nitakusomea yako, ikiwa kwenye miwili."

"Kocha je?"

"Kocha utamwambia wewe."

Saa tisa na nusu Lenzi alisimama kando ya baiskeli ya bluu, simu mkononi. Miguu ya Kiberiti ilikuwa imeshatumika asubuhi, na bado mashine iliimba, sauti nyepesi isiyokokota. Dakika ya tano, mia na tisini na nane. Dakika ya kumi, mia mbili na moja. Kila namba ilipopanda ilimchoma Lenzi palepale, chini kidogo ya kifua, mahali pa siku zote. Wivu haukwenda kokote, ulikuwepo, mzima na afya yake. Lakini aliisoma kila namba kwa sauti, bila kupunguza hata moja, mpaka dakika ya ishirini.

"Mia mbili na tano," alisema, na akaituma mwenyewe kwa kocha, na chini yake akaandika habari ya skrubu.

Kisha akaenda kufunga skrubu yake.